Kupaka Fimbo ya Kaboni Utando wa Kobalti ili Kupasua Maji: Mwongozo Kamili kwa Maabara ya Shule, Kutoka Kisumu Hadi Nakuru

Povu ni rahisi. Chukua fimbo mbili, chaja ya simu na maji yenye chumvi yoyote, na povu litatoka. Maswali magumu huja baadaye: povu hilo limekugharimu volti ngapi, na ni la gesi gani? Ukitumia chumvi ya mezani, huenda unavuta klorini huku ukijisifu kwamba umetengeneza oksijeni. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kemia au klabu ya sayansi inayotaka kutengeneza kichocheo cha kobalti kwa vifaa vya maabara ya kawaida, kisha ithibitishe kwa vipimo kwamba kinafanya kazi. Sehemu ya kuthibitisha ni ndefu kuliko ya kutengeneza, na nimeiacha hivyo kwa makusudi.

Hesabu inayotangulia yote

Kupasua maji, yaani kuyatenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni, kunahitaji angalau volti 1.23 katika nyuzi 25. Kila volti inayozidi hapo huishia kuwa joto. Kwa kila volti moja ya seli, kilo moja ya haidrojeni hula takriban kilowati-saa 26.6, yaani yuniti zile zile za umeme unazonunua kwa tokeni. Seli inayofanya kazi kwa volti 2.0 itakula yuniti 53 kwa kilo. Ishushe hadi 1.8, itakula 48. Upunguzaji huo ndio kazi ya kichocheo.

Mzigo mkubwa uko upande wa anodi, yaani fimbo ya upande chanya inakotoka oksijeni. Haidrojeni hutoka upande hasi, kathodi, bila matata mengi, kwa elektroni mbili tu. Molekuli ya oksijeni inadai elektroni nne na protoni nne ziondolewe, kisha atomu mbili za oksijeni ziungane. Hapo ndipo volti nyingi za ziada hupotea.

Mwaka 2008, Matthew Kanan na Daniel Nocera wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science njia rahisi kwa namna ya kushangaza. Waliyeyusha kobalti kidogo sana, nusu milimole kwa lita, katika maji ya fosfeti yenye pH 7, wakapitisha umeme, na utando wa rangi nzito ukajijenga wenyewe juu ya anodi. Kobalti iliyoyeyuka hupoteza elektroni, hugeuka kuwa aina isiyopenda kubaki ndani ya maji, na hushikana na oksijeni na fosfeti kwenye elektrodi. Utando huo ulitoa mkondo wa miliampea 1 kwa kila sentimita mraba kwa volti za ziada 0.41, katika maji yasiyochoma ngozi. Si asidi kali, si magadi makali. Kwa shule yenye wanafunzi hamsini ndani ya maabara moja, hilo ni jambo kubwa.

Vifaa, na mahali pa kuvipata

Kobalti huenda tayari unayo. Kloridi ya kobalti ndiyo inayotiwa kwenye karatasi za samawati za kupimia maji, na maabara nyingi zina chupa yake kabatini. Nitrati ya kobalti ni bora kidogo kwa kuwa haileti klorini, ila kwa kiasi tutakachotumia tofauti ni ndogo.

Fosfeti ya potasiamu yenye alama KH2PO4 inauzwa na agroveti kama mbolea ya kuyeyusha kwa maji, mfuko ulioandikwa 0-52-34. Wakulima wa maua na nyanya wa Naivasha na Nakuru wanaijua vizuri. Ya maabara ni safi zaidi, lakini ya agroveti inafaa mradi uichuje. Utahitaji pia hidroksidi ya potasiamu kidogo na karatasi za pH.

Maji yawe ya betri, yaliyoondolewa madini. Muuzaji wa kituo cha mafuta akikuletea chupa, soma maandishi kwanza, kwa maana asidi ya betri hukaa rafu moja na maji ya betri. Maji ya kisima hayafai kabisa: kalisi iliyomo hushikana na fosfeti na kufanya mchanganyiko uwe kama maji ya mchele. Maji ya mvua kutoka mabati hubeba zinki na chuma.

Umeme utatoka kwenye chaja ya simu ya volti 5. Ongeza rezista moja ya omu 100 na nyingine ya kuzungusha ya kiloomu 1, multimita mbili za kawaida, nyaya, sirinji, na kijiko cha chuma kisichoshika kutu kitakachokuwa kathodi. Usikifanye kijiko hicho anodi hata kwa mzaha, kwa sababu kromiamu yake inaweza kutoka ikiwa katika hali ya sumu.

Kifaa cha mwisho ni chungu kidogo cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, cha kutenganisha pande mbili za seli. Wafinyanzi wa Nyanza wanaweza kukufinyangia cha ukubwa wa kikombe kwa bei ya chai. Kijaze maji ukiache kwa saa moja. Kikitoa jasho nje, kinafaa. Kikivuja matone, kirudishe.

Fimbo

Fimbo za kaboni hutoka kwenye mawe makubwa ya tochi, yale ya bei nafuu. Mawe ya alkali hayana fimbo hiyo na ndani yake mna kemikali inayochoma, basi usiyapasue. Betri za lithiamu usiziguse kabisa. Pasua jiwe lililokwisha ukiwa na glavu, toa fimbo, na uweke takataka nyingine kwenye mfuko.

Unga mweusi unaoizunguka fimbo ni dioksidi ya manganizi, ambayo yenyewe ni kichocheo cha kutoa oksijeni. Ukiiacha kwenye fimbo utakuja kuisifu kobalti kwa kazi ya manganizi. Sugua kwa msasa mpaka fimbo itoe alama ya kijivu kama penseli, osha, kisha ipashe moto juu ya jiko la makaa nje ya nyumba ili nta iliyomo iungue. Sugua tena. Osha kwa maji ya betri.

Fimbo nyingi za mawe makubwa zina kipenyo cha karibu milimita 8. Pima yako kwa kalipa. Ukiziba kitako kwa rangi ya kucha na kupaka mstari wa rangi hiyo hiyo sentimita 2 juu yake, sehemu itakayobaki wazi ni sentimita mraba 5. Bila eneo linalojulikana, namba zako haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine.

Andaa fimbo mbili zinazofanana. Moja itapakwa kobalti. Ya pili itapitia kila kitu vilevile, muda uleule na mkondo uleule, isipokuwa kobalti. Walimu wengi huilinganisha fimbo iliyopakwa na fimbo mpya kavu, na hapo ndipo ushahidi unapoharibika: kaboni ikipitishiwa umeme hubadilika uso, huwa na kwaruzo na vinyweleo zaidi, na huonekana imeboreka hata kama haikukutana na kichocheo chochote.

Kutengeneza bafa

Bafa ni yale maji ya fosfeti yanayoizuia pH isibadilike ovyo. Kwa lita moja, yeyusha gramu 13.6 za KH2PO4 katika maji mililita 800. Ongeza hidroksidi ya potasiamu kidogo kidogo huku ukikoroga na kupima, hadi pH ifike 7. Itachukua gramu 4 hivi, kwa kuwa ile ya dukani huwa na unyevu ndani yake. Vaa miwani. Jaza hadi lita moja na uchuje. Ikiwa una fosfeti zote mbili za maabara, mambo ni mepesi zaidi: gramu 10.7 za K2HPO4 na gramu 5.2 za KH2PO4 zitakupa pH 7 bila kugusa hidroksidi.

Fosfeti hapa hufanya kazi zaidi ya kupitisha umeme. Hupokea protoni zinazozaliwa kwenye anodi, na huusaidia utando ujirekebishe. Ndiyo maana kubadilisha bafa na salfeti ya sodiamu ili kuokoa pesa hakusaidii: utando hudhoofika na kuyeyuka.

Kuongeza kobalti

Mizani ya shule haiwezi kupima miligramu 30 kwa uhakika, kwa hiyo tengeneza kwanza mchanganyiko mzito: gramu 1.19 za kloridi ya kobalti yenye maji sita ya fuwele, au gramu 1.46 za nitrati yake, ndani ya mililita 100 za maji ya betri. Chovya sirinji, vuta mililita 2.5, na uzidondoshe ndani ya mililita 250 za bafa huku unakoroga. Rangi itakuwa waridi hafifu sana, karibu na maji matupu. Kukitokea ukungu wa zambarau, umemimina kwa haraka au umezidisha, na fosfeti ya kobalti inajitenga. Weka huo kwenye chupa ya taka na uanze upya.

Chumvi za kobalti zinaweza kusababisha mzio wa ngozi, na vumbi lake linashukiwa kuleta saratani. Mwalimu apime unga mwenyewe, kwa glavu, mahali pasipo na upepo. Wanafunzi waguse mchanganyiko uliokwisha kuyeyuka tu.

Seli na mkondo

Jaza bafa isiyo na kobalti ndani ya chungu na utumbukize kijiko humo. Kiweke chungu ndani ya bika yenye bafa ya kobalti, na fimbo iwe ndani ya bika, nje ya chungu. Usipotenganisha, kobalti itakimbilia kathodi na kujipaka huko kama metali, mahali usipoihitaji.

Waya chanya wa chaja uende kwenye rezista ya omu 100, kisha rezista ya kuzungusha, kisha multimita ya kupima miliampea, kisha fimbo. Waya hasi uende kwenye kijiko. Zungusha mpaka mita isome miliampea 5, ambayo kwa eneo letu ni miliampea 1 kwa sentimita mraba. Acha saa moja. Kila dakika kumi rekodi volti kati ya fimbo na kijiko. Kwa mkondo usiobadilika, volti inapaswa kushuka kadiri utando unavyojijenga, kisha itulie.

Hutaona kitu. Utando ni mweusi wa kijani na fimbo ni nyeusi. Wanaotumia kioo kinachopitisha umeme huuona ukikua, na ni jambo la kupendeza, lakini kioo hicho hakipatikani kwa urahisi Kondele wala Nakuru mjini. Sisi tutaamini mita.

Rudia yote kwa fimbo ya pili katika bafa tupu.

Kupima volti za anodi peke yake

Volti kati ya fimbo na kijiko zimechanganya mambo manne: anodi, kathodi, ukinzani wa bafa na ukinzani wa chungu. Chungu chenye omu 50 kitakula volti 0.25 kwa miliampea 5, zaidi ya tofauti unayoitafuta. Ndiyo sababu unahitaji elektrodi ya rejea, ambayo volti yake haibadiliki, na kuitengeneza ni rahisi: toa bomba la ndani la sirinji, ziba ncha kwa karatasi chujio iliyokunjwa, jaza mrututu (salfeti ya shaba) ulioyeyushwa mpaka fuwele zinabaki chini, na uchomeke waya safi wa shaba. Elektrodi hiyo husimama takriban volti 0.32 juu ya elektrodi ya kawaida ya haidrojeni, ambayo wanakemia huihesabu kuwa sifuri.

Mrututu usiguse bafa, kwani shaba na fosfeti hushikana. Weka sirinji kwenye kikombe cha nitrati ya potasiamu, na utandaze ukanda wa karatasi chujio uliolowa nitrati hiyo kutoka kikombeni hadi kwenye bika, mwisho wake ukiwa milimita chache kutoka kwenye fimbo. Hili ni daraja la chumvi la somo la Kidato cha Nne, lisilo na lolote la ajabu.

Sasa hamisha fimbo zote, kila moja kwa zamu, kwenye bafa mpya isiyo na kobalti. Multimita ya pili isome volti kati ya fimbo (waya mwekundu) na shaba (waya mweusi). Pitisha miliampea 0.5, kisha 1, 2.5, 5 na 10, ukisubiri dakika tatu kila mara kabla ya kuandika. Katika pH 7, oksijeni huanza kuwezekana kinadharia kwenye volti 0.50 za mita hii. Toa 0.50 kutoka kwa kila usomaji, na kinachobaki ni volti za ziada.

Kiwango cha Kanan na Nocera kingesomeka karibu volti 0.91 kwa miliampea 5 kwenye fimbo yetu. Usishangae ukipata chini kidogo. Kaboni iliyosuguliwa ina mabonde mengi, na eneo lake halisi ni kubwa kuliko lile la kalipa. Namba muhimu kuliko zote ni pengo kati ya fimbo zako mbili kwa mkondo uleule.

Kuna kipimo cha pili ndani ya namba hizo hizo. Chukua majedwali ya hisabati, tafuta logarithimu ya kila mkondo, na uchore grafu dhidi ya volti. Utando mzuri wa kobalti hupanda takriban volti 0.06 kila mkondo unapoongezeka mara kumi. Mstari wako ukipanda sana kwenye mikondo mikubwa pekee, huo ni ukinzani wa bafa. Sogeza ukanda wa karatasi karibu na fimbo.

Je, ni oksijeni?

Kaboni yenyewe huungua polepole ikiwa anodi na kutoa dioksidi ya kaboni. Mita ya umeme haiwezi kutofautisha elektroni ya maji na elektroni ya kaboni. Kwa hiyo pima ujazo.

Funika fimbo kwa neli ya vipimo iliyojaa bafa na kupinduliwa, na kijiko vivyo hivyo. Endesha miliampea 20. Nusu saa ya kwanza acha gesi ipotee, kwa sababu bafa inakunywa oksijeni ya kutosha kukupotosha: mililita 100 zinaweza kumeza karibu mililita 3 kabla ya kushiba. Kisha jaza neli upya na uhesabu saa mbili.

Saa mbili kwa miliampea 20 ni kulombi 144, sawa na milimole 0.37 za oksijeni na mara mbili yake za haidrojeni. Ujazo wake unategemea ulipo, na hapa vitabu vinavyosema lita 24 kwa mole vinamdanganya mwanafunzi wa magharibi mwa Kenya. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 89. Ukiongeza mvuke wa maji uliomo ndani ya neli, katika nyuzi 25 utarajie oksijeni mililita 10.8 na haidrojeni 21.5. Nakuru, karibu mita 1,850 juu, kwa nyuzi 22 utapata 11.5 na 23. Mwenzako wa Mombasa, kwa umeme uleule, ataona chini ya mililita 10 za oksijeni.

Haidrojeni ikitimia na oksijeni ikipungua sana, sehemu ya mkondo wako inachoma kaboni. Bafa ikianza kuwa na weusi ni dalili hiyo hiyo. Punguza mkondo. Jaribu pia kijiti chenye kaa ndani ya neli ya oksijeni, wanafunzi wanakipenda, ila kumbuka kinawaka upya hata oksijeni isipokuwa safi. Haidrojeni ichomwe nje, neli moja moja. Ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 inaweza kuwaka, na gesi za pande mbili zisikusanywe kamwe katika chombo kimoja.

Yakikwama

Pengo dogo kati ya fimbo mbili mara nyingi ni manganizi iliyobaki, au nta. Volti zinazoruka ovyo ni kishikizo cha waya kilicholegea juu ya fimbo: kaza, usitafute sababu ya kisomi. Utando uliokuwa mzuri jana na leo umedhoofika kwa kawaida uliachwa ukiloa bila umeme. Utafiti wa mwaka 2009 wa kundi la Nocera ulifuatilia kobalti kwa atomu zenye mnururisho, ukaonyesha kwamba kobalti huvuja umeme ukizimwa na kurudi mahali pake ukiwashwa, mradi fosfeti ipo. Toa fimbo kwenye bafa kabla ya kuzima chaja, suuza, kausha.

Na ukiulizwa kama hii ndiyo njia ya kuzalisha haidrojeni kwa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, jibu langu ni hapana. Katika alkali kali za viwandani, nikeli iliyochanganywa na chuma ni rahisi na hufanya kazi vizuri zaidi, tena haitegemei migodi ya Kongo, ambako sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa. Nguvu ya utando huu ni kufanya kazi katika maji ya pH 7, na uwezo wa kujitengeneza mbele ya macho ya mwanafunzi mwenye multimita.

Kumwaga taka

Hakuna kinachoingia kwenye sinki kabla ya kusafishwa. Kobalti ni metali yenye sumu kwa viumbe vya majini, na fosfeti ni chakula cha gugu maji ambalo Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria inalo la kutosha. Kusanya kila kitu kwenye ndoo moja ya plastiki: bafa ya kobalti, bafa ya vipimo na maji ya suuza. Mrututu uwe na chombo chake. Kwa kila mililita 250 za bafa koroga vijiko viwili vya chai vya chokaa iliyozimwa, mpaka karatasi ya pH ipite 10. Chokaa hukamata vyote viwili, kobalti na fosfeti, na kuzishusha chini. Acha usiku kucha, chuja mpaka maji yawe maangavu, yashushe pH kwa siki hadi 8 kabla ya kuyatupa. Tope likikauka, liweke kwenye kopo lenye kifuniko, andika kobalti, tarehe na jina la maabara, na ulifungie kabatini pamoja na kemikali nyingine zinazosubiri kukusanywa na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.